Gari la safari lenye malazi linauzwa Arusha

Wanakikundi, habari za asubuhi. Mwenzetu wa Arusha anauza mkonga wake, Land Cruiser 78 lenye injini ya 1HZ, diseli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Kwa safari za mbali sijaona injini ninayoiamini zaidi: haina mambo ya kompyuta, fundi wa Mpanda anaifungua bila wasiwasi. Matangi ni mawili, lita 90 kila moja.

Nyuma pamejengwa upya: kitanda, friji ya volti 12, sola, tangi la maji na paa la kuinuka. Mkienda kulikagua, anzeni na paa. Bati likishakatwa, maji hupenya kwenye maungio na kutu huanzia humo. Kisha laleni chini mtazame springi za nyuma, maana maji lita 60 pekee ni kilo 60.

Ndugu zetu wa Kenya, gari lina zaidi ya miaka 8, kwa hiyo kulisajili huko kutawakwamisha. Tafadhali msitume hata arubuni. Kwa wa Tanzania, kadi ina jina lake. Hakikisheni umiliki unahamishwa TRA.

Anayelihitaji anifuate inbox nimuunganishe naye. Bei mtaongea wenyewe.