Sakafu ya saruji inaumiza wacheza dansi

Mhariri,

Mwalimu mhamiaji akija Dodoma kuchanganya dansi ya mtaani na ya kisasa, hupewa ukumbi wa saruji tupu. Breki dansi, iliyozaliwa Bronx, New York, miaka ya 1970, hubebesha viganja uzito wote. Dansi ya kisasa humtaka mtu abingirike. Muheme, ngoma ya Wagogo, huchezwa juu ya udongo unaobonyea. Saruji haibonyei, ndiyo maana magoti na miundi huuma.

Wenye kumbi watandike plaiwudi ya milimita 18 juu ya papi (mbao nyembamba) zilizowekewa vipande vya mpira chini. Wapige deki kabla ya mazoezi: vumbi letu linateleza kuliko sabuni! Na mwanafunzi abingirike kuanzia begani kwenda nyonga ya pili, asipitie uti wa mgongo.

Mdau wa dansi,
Dodoma