Barua kwa mwanangu: wale wa benchi la nyuma wanaimba?

Mwanangu,

Habari kwamba ibada mbili zinaunganishwa na wewe ndiwe utakayeongoza nyimbo zilitufikia kabla ya simu yako. Mama yako alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Mimi nina swali moja tu: watu wanaimba? Sisemi kikundi chako cha sifa. Nasema yule bibi wa benchi la nyuma mwenye kitabu mkononi.

Usijichoshe na ubishi wa gitaa na kinanda. Kinanda nacho kilikuja na wageni. Kayamba lilikuwako Ribe, huku pwani ya Kenya, kabla wamishenari wa Kimethodisti hawajafungua kituo 1862. Najua ni nani aliyekuambia gitaa si chombo cha kanisani. Basi, huyo naye alikosea nusu. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti wetu, alitoa maagizo saba ya kuimba mwaka 1761: imbeni wote, imbeni kwa nguvu, lakini usipige makelele ukawazidi wenzako. Hilo la makelele lisome mara mbili.

Kosa lako nalijua bila kufika huko: ufunguo, yaani kimo cha sauti wimbo unapoimbiwa. Unachagua unaoipendeza sauti yako ya teno, wimbo unapanda hadi noti ya F au G, na kanisa linabaki kukutazama. Waumini hufika D, wakijikaza E. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, ishushe iwe D. Wimbo wa ufunguo wa G unaogusa do ya juu uteremshe hadi ufunguo wa D. Sol ya chini itaangukia A, na hiyo bado inaimbika. Mpiga kinanda atatumia kitufe cha kubadili ufunguo, ila akisahau kukirudisha sifuri, wimbo unaofuata yeye atakuwa kwake na mpiga gitaa la besi kwake. Mkumbushe kila mara.

Halafu ngoma. Chini ya mabati sauti hairudi nje, inawaangukia watu kichwani. Mpiga dramu atumie fito nyepesi, na kipaza sauti kisielekee spika, kitapiga mluzi katikati ya maombi. Ubeti wa mwisho nyamazisha vyombo vyote. Ukisikia kanisa, endelea. Ukisikia feni, punguza vyombo.

Usiruke beti. Tenzi za Charles Wesley, mdogo wake John, hupanda ngazi kwa ngazi. Ukiimba wa kwanza na wa mwisho umewarusha watu ukutani. Kwenye skrini, badilisha maandishi wakiwa kwenye maneno mawili ya mwisho, si baada ya kumaliza, na taja namba ya wimbo, maana kuna wanaosoma kitabuni. Wimbo mpya ni mmoja kwa mwezi: kwaya iuimbe Jumapili mbili, ya tatu ndipo kanisa lijaribu. Na dakika ishirini za kusimama zinatosha. Magoti ya watu si ya kwako.

Jumapili ya Agano, ile tunapofanya upya agano letu na Mungu, ndiyo inayonitia wasiwasi. Ibada hiyo ni ya tangu 1755, na nguvu yake iko kwenye majibu ya watu. Mwambie kijana wa kinanda aondoe mikono. Ile milio laini ya chinichini wanayopenda humeza sauti ya mzee anayesoma polepole, naye akishapitwa hafungui tena kinywa.

Mkwezi amepandisha bei, na minazi miwili ya nyuma imekauka vilele, kwa hiyo nazi za mwaka huu usizihesabu. Dada yako anataka ile begi yako ya zamani, mama amesema tumpe. Shati jeupe ulilisahau, nalituma na basi la Ijumaa, ukalichukue mwenyewe ofisini kwao. Kola imeliwa kidogo na kutu ya ule msumari wa mlangoni niliosema nitaung'oa.

Ukinipigia Jumapili jioni, usianze na habari za mahubiri. Anza na yule bibi.

Baba yako