Salamu za Krismasi kutoka Nakuru, Mji wa Vumbi

Wapendwa wanachama, majirani wa zamani na wa sasa, nanyi wenzetu mliotawanyika Nairobi, Eldoret, Mombasa na ng'ambo:

Bwana asifiwe. Ndugu zetu wa Bondeni mnaoswali, asalaam aleikum. Ni matumaini yangu kwamba salamu hizi zitawakuta mkiwa buheri wa afya, na penye mgonjwa Mola amwinue kabla mwaka haujafunga hesabu zake.

Mwaka jana sikuandika. Nilisingizia kazi, kikundi kikanitoza faini ya shilingi mia mbili, nikalipa shingo upande. Mwaka huu mwenyekiti amenipigia simu mara tatu kunikumbusha kwamba salamu za sikukuu ni kazi ya katibu, sawa na kuandika kumbukumbu za mkutano. Basi naandika, nusu kwa amri, nusu kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu Aprili na sina mahali pengine pa kulitua.

Kwanza ya sokoni, maana najua ndiyo mnayongojea. Jumamosi nilipita Wakulima. Jogoo wa kienyeji, tena asiye na kifua, naambiwa elfu moja na mia tano. Nikamwuliza mama anayeuza kama huyo jogoo amesomea Chuo Kikuu cha Egerton. Alicheka sana, lakini bei hakuishusha. Mafuta ya kupikia siku hizi tunapimiwa, ya ishirini, ya thelathini, kama dawa ya kikohozi. Nyumba zilizokuwa zikikanda unga wa chapati kwa beseni sasa zinahesabu: kila mtoto mbili, mgeni moja na nusu. Nauli ya mashambani nayo imeshapanda, kama ilivyo ada yake tarehe ishirini ikikaribia, kwa hiyo wengi wetu tutakula sikukuu hapa hapa mjini. Pengine si vibaya. Njaanuari iko mlangoni, na karo haijali kwamba ulikuwa na wageni.

Na tukibaki mjini, angalau tuutazame huu mji vizuri, kwa sababu ni mara chache tunautazama. Reli ilifika hapa mwaka 1900, mwaka 1904 mji ukatangazwa rasmi, na tangu siku hizo Nakuru ni mji wa waliokuja. Walowezi waliufanya makao makuu ya ukulima wao, ngano, pareto na maziwa. Nyuma yao wakaja babu zetu, vibarua, makarani, makuli wa stesheni, askari waliorudi vitani wakiwa na koti la jeshi na hawana shamba. Sisi tuliozaliwa Bondeni, Kivumbini, Kaloleni na Flamingo tulianza na Kiswahili, lugha za nyumbani zikafuata baadaye. Wengine hazikufuata kabisa, na hadi leo tukifika kijijini shangazi zetu hutucheka. Idi, sinia la pilau lilipita mlango kwa mlango. Krismasi, sinia lile lile lilirudi na chapati. Sikumbuki hata mara moja kuona sinia likirudishwa tupu.

Jina lenyewe tulilirithi kwa Wamaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Waliokuja baadaye wakajenga mtaa wakauita Kivumbini, kana kwamba vumbi la kwanza halikutosha. Mliokuwa hapa miaka ya tisini mnakumbuka ziwa lilipokaribia kukauka: upepo wa alasiri uliinua unga wa magadi ukauleta mjini, ukianua shati kambani unaweza kulilamba ukapata chumvi. Na maji ya visima vyetu yametupiga mhuri mdomoni. Mtu akicheka Mombasa au Dubai ukaona meno ya hudhurungi, muulize tu, "Nakuru mtaa gani?" Hutakosea sana. Ni madini ya floridi, yanatoka chini huku kwenye miamba ya volkano ya Menengai na jamaa zake, nasi tuliyanywa tangu utotoni.

Sasa mji wa vumbi unaliwa na maji.

Ziwa letu, Ziwa Nakuru, lilitengwa kuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya sitini, mwaka 1968 ikawa mbuga ya taifa, na mwaka 2011 UNESCO ikaliandika, pamoja na Bogoria na Elementaita, kuwa urithi wa dunia. Kwa muda wote huo fahari yetu ilikuwa flamingo. (Vitabu vya shule viliwaita heroe, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Nakuru akisema heroe, na mtaa ungeitwa hivyo ningehama.) Wakati hati hiyo ya UNESCO inaandikwa, maji yalikuwa tayari yameanza kupanda. Ziwa lililokuwa na karibu kilomita 40 za mraba mwaka 2010 lilikuwa limepita 60 kufikia mwaka 2020. Lango kuu la mbuga likazama, likahamishwa. Mvua ikayazimua magadi, mwani wanaoula flamingo ukapungua, nao wakainuka wakaenda Bogoria. Mahali pao wakaja samaki, na penye samaki pakaja vijana wenye njaa na nyavu za usiku, wavuvi wasio na leseni wala mtumbwi wa maana. Kuna akina mama mtaani kwetu wanaojua viboko walifanya nini, sitaandika.

Wataalamu walichunguza wakataja mvua nyingi kwanza, kisha na namna tunavyoitumia ardhi. Mimi si mtaalamu, lakini kitu kimoja hata mtoto wa darasa la nne anakielewa. Mito ya Njoro, Makalia na Enderit inaingia ziwani, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Ukiufyeka msitu wa Mau kule juu, maji na udongo vinashuka pamoja, na vikifika huku chini havina pengine pa kwenda isipokuwa kwa watu. Mwaka 2018 ilikuwa Solai, bwawa likapasuka usiku. Mwaka 2024 ilikuwa Mai Mahiu, mafuriko ya alfajiri. Lakini maji ya ziwa hayaji kwa kishindo. Yanakuja kama mwenye nyumba anayedai kodi, leo yako kwenye ua, wiki ijayo kizingitini, na wewe unaendelea kupika.

Watu wa Mwariki na Barut, mitaa ya kando ya ziwa, hawahitaji kuelezwa haya. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Wengi mlimjua, wa mandazi, aliyekuwa akikaa karibu na stendi. Alikaa Bondeni miaka thelathini na moja katika chumba kimoja cha manispaa, akatulea humo wanne, na kwa pesa za merigoraundi, ile michango ya zamu, akanunua ploti Mwariki, futi hamsini kwa mia. Akajenga vyumba vitatu, chumba kimoja kila alipoweza. Mbele akapanda mti wa avokado, akasema huo ndio pensheni yake. Mwaka 2020, wakati sisi wengine tumefungiwa ndani na korona, yeye alitolewa nje na ziwa. Tulibandua mabati, tukang'oa milango na madirisha, tukapakia mkokoteni. Mti haukupakika. Tukaandikisha jina lake ofisi moja, halafu nyingine, mara ya tatu akapigwa picha akiwa ameshika kitambulisho. Hadi leo fidia yetu ni ile picha.

Alipanga chumba Free Area. Tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilipopewa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, nilimkuta akilipia mtungi wa maji wa shilingi ishirini kwa kijana wa mkokoteni. Nikamwambia, mama, leo wewe ni mtu wa jiji. Akanitazama. "Maji yako kwa shamba na hayako kwa mfereji," akasema, "hilo ndilo jiji?" Akamwambia kijana amletee mtungi wa pili, maana kesho itakuwa sikukuu ya jiji na bei itapanda.

Kila tarehe 26 Desemba, watu wakishalala kwa shibe, alikuwa anataka kitu kimoja tu: apelekwe akaone mti wake. Tulikuwa tunasimama pale barabara inapoingia majini. Avokado haistahimili magadi, hata yaliyozimuliwa, kwa hiyo mti ulikauka mapema, ukawa mweupe kama mfupa katikati ya maji, kuta za nyumba zimeshaanguka. Mwaka jana tulipofika, mnandi mmoja mweusi alikuwa ametua juu kabisa, amekunjua mabawa anajikausha. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Afadhali," akasema, "kuna mtu anakula Krismasi kwangu."

Aprili akatutoka. Asanteni kwa sufuria na mahema, kwa kesha, kwa michango ya simu iliyoingia hata usiku wa manane kutoka kwa watu ambao najua walikuwa hawana. Mengine niliandika kwenye kumbukumbu za mkutano.

Sasa nina maneno mawili matatu ya kuwausia, na mnivumilie, mwenyekiti alisema salamu bila wosia si salamu.

Wapendwa, injili inatuambia kwamba Yusufu na Mariamu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Kila mwaka tunaimba habari hiyo kwa kwaya na kinanda, tumevaa nguo mpya, na mlango wa pili kuna mtu aliyetoka Mwariki ambaye amelipa kodi ya miezi miwili kati ya mitano na mwenye nyumba ameshaanza kuzungumza naye kwa kufuli. Nani kati yetu amemgongea? Wenye nyumba za kupangisha, ninyi pia mlikuja na sanduku moja, stesheni inakumbuka! Pandisheni kodi kwa kiasi, na mkipandisha rekebisheni choo.

Vijana, pikipiki si farasi wa vita. Tarehe 25 usiku chupa iacheni, barabara ya Lanet imeshachukua wa kutosha. Na ninyi mnaotafuta ploti za bei ya kutupa, ukiona ardhi ni rahisi na nyasi zake ni za majimaji, waulizeni wazee ziwa lilifika wapi zamani, kabla ya kumwuliza dalali. Pandeni miti, lakini si ya kupigia picha. Plastiki msizitupe mitaroni, kwa sababu mtaro wa Bondeni mwisho wake ni ziwani, na ziwa siku hizi linarudisha kila kitu linachopewa.

Na tuseme ukweli kuhusu hili la mwisho. Wanasiasa wameanza kupita tena na fulana na mahema ya kukodi. Nakuru inajua hadithi hii inavyoendelea. Ni katika mji huu, Agosti 1963, Mzee Kenyatta alikuja akakutana na walowezi, akawaambia tusameheane, wabaki walime. Na ni katika mji huu, Januari 2008, baada ya uchaguzi, majirani wa miaka ishirini waliulizana majina ya ukoo usiku, na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya watu waliotoka nyumba ambazo tulikuwa tumekula chapati ndani yake. Sinia lilikatika mwaka ule. Kuna mitaa ambamo halijarudi hadi leo, na mnajua ni ipi. Basi mtu akija na noti ya mia mbili akitaka kukuuzia chuki dhidi ya mlango wa pili, mwambie hapa Nakuru hiyo ni bei ya faini ya katibu, haitoshi hata jogoo! Mpeleke akaone Mwariki. Maji yalipoingia hayakuuliza kabila la mtu. Enyi watu wa Mungu, sisi wa vumbi, tulioandikiwa tangu mwanzo kwamba mavumbini tutarudi, tunajivunia nini hata tukatane mapanga kwa ajili ya mtu anayelala Nairobi? Tubuni. Lipeni madeni madogo madogo ya dukani kabla ya mwaka kuisha, maana mwenye duka naye ana karo. Watembeleeni wajane. Michango ya Novemba bado haijakamilika, na majina ninayo.

Nimesikia mwenyekiti akikohoa kwa mbali, kwa hiyo naishia hapo.

Kwa niaba ya kikundi chote, nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Mungu awabariki mwingiapo na mtokapo, awape afya, amani na riziki ya halali, awafanye kichwa wala si mkia. Wanafunzi wetu wapate alama nzuri, wasio na kazi wapate kazi, wagonjwa wapone, na walio safarini wafike salama. Wafiwa wote wa mwaka huu, Mola awatie nguvu.

Wenu mtiifu,
Katibu

Nyongeza: Tarehe 26 nitaenda pale barabara inapoingia majini kama kawaida yetu. Anayetaka kuja tukutane stendi ya Mwariki saa tisa mchana, avae viatu vya kufunga. Kaka yangu atakuwa na gari lakini lina nafasi nne tu, wengine tutatembea. Hatutakaa kupita saa kumi na moja. Viboko siku hizi hutoka mapema.