Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Tafsiri katika Tamasha la Filamu, Ngome Kongwe

Waheshimiwa wanachama, Assalaam alaykum.

Katiba ya chama chetu inamtaka Mwenyekiti awasilishe mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina baada yangu, na orodha ya wanachama wapya anayo Bi Katibu, kwa hiyo sitayagusa hayo. Nitajikita katika jambo moja lililokula muda na nguvu zetu kuliko mengine yote, nalo ni kuziwekea maandishi ya Kiswahili filamu za kigeni zinazoonyeshwa Ngome Kongwe wakati wa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar.

Kwa faida ya waliojiunga karibuni, nieleze kwanza kwa nini chama cha wapenzi wa sinema kimejikuta kikifanya kazi ya tafsiri. Tamasha hili, ambalo wengi wetu bado tunaliita Tamasha la Nchi za Jahazi, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na tangu hapo limekuwa likizikaribisha filamu kutoka kokote ambako jahazi zilifika kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, yaani pwani yetu, Ghuba, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya bahari hii, pamoja na Afrika yote kwa jumla. Matokeo yake ni kwamba katika usiku mmoja mtazamaji aweza kukutana na Kiarabu, Kihindi, Kifaransa na Kiamhari, na kwa desturi ya matamasha ya kimataifa popote duniani filamu hizo husafiri zikiwa na maandishi ya Kiingereza. Desturi hiyo inamfaa mgeni. Haimfai muuza pweza wa Forodhani, ambaye meza yake iko hatua chache tu kutoka lango la Ngome, na ambaye akishakunja vyombo vyake hupenda kuingia kutazama kilichobaki. Huyo ndiye tuliyemfikiria tulipoanza, na ndiye kipimo chetu hadi leo.

Mwaka huu tuliomba idhini ya kutafsiri filamu nne, na tuliziomba kwa wenyewe waliozitengeneza, kwa maandishi, kwa sababu tafsiri ni haki ya mwenye kazi na Zanzibar tunayo Sheria ya Hakimiliki tangu 2003. Nasisitiza hili kwa vijana wetu ambao wepesi wa kompyuta huwafanya wasahau kubisha hodi. Wote wanne walikubali, na mmoja wao alituletea orodha nzima ya maneno ya wahusika, jambo lililotuokoa usiku mwingi wa kusikiliza na kurudia.

Sasa nije kwenye usiku wa Jumamosi, ambao najua kila mmoja anausubiri niutaje. Filamu ilikuwa ya dakika 90, na watu walikuwa wamejaa ngazi za mawe hadi juu. Maandishi yetu yalikuwa yameandaliwa kwa nakala ya kutazamia iliyotumwa miezi kadhaa kabla, na nakala hiyo ilikuwa ya kipimo cha televisheni, ambacho hupitisha picha 25 kwa sekunde. Nakala iliyoletwa kwa ajili ya onyesho lenyewe ilikuwa ya kipimo cha sinema, picha 24. Tofauti ya picha moja mtu aweza kuidharau, lakini filamu ya picha 24 huenda polepole zaidi kuliko maandishi yaliyopangwa kwa 25, na tofauti hiyo hujilimbikiza: kila dakika inayopita, maandishi huwatangulia wasemaji kwa zaidi ya sekunde mbili, na ikifika dakika ya 10 yamekwisha kutangulia kwa sekunde 24. Kwa hesabu hiyo, filamu ya dakika 90 ingemaliza maneno yake dakika tatu na nusu kabla ya watu kumaliza kusema.

Watazamaji, kwa adabu yao, walidhani mwanzoni kwamba wao ndio hawakuelewa. Kisha ikaja sehemu ya posa. Kijana akavuta kiti, akakohoa, akafungua mdomo, na chini yake yakatokea majibu ya baba wa binti, kwamba hapa huna mke. Sauti moja kutoka ngazi za juu ikasema, "Jamani, maneno yamemtangulia mwenyewe!" Ngome nzima ikacheka mahali ambapo mtengenezaji wa filamu hakukusudia mtu acheke.

Kosa lile ni letu na si la mtu mwingine. Tulijaribu nakala mchana, lakini tulijaribu dakika yake ya kwanza tu, na dakika hiyo ilikuwa bahari na muziki pasipo neno hata moja la kusomwa. Aliyetuokoa ni mwanachama wetu aliyekuwa kwenye kompyuta, ambaye aliukata mwendo wa maandishi na kuanza kuyasukuma mstari kwa mstari kwa kidole, akifuata karatasi alizozibana mapajani zisichukuliwe na kusi, huku mwenzake akimmulikia kwa tochi ya simu. Alifanya hivyo kwa zaidi ya saa nzima bila kuinua kichwa. Naomba Mkutano huu umtambue, ingawa yeye mwenyewe ameniomba nisimtaje jina, na nimelikubali ombi lake.

Upungufu mwingine ulikuwa mdogo kuliko huo, lakini uliumiza macho. Maandishi yetu yalikuwa meupe pasipo ukingo mweusi, na katika filamu ya Kiarabu yenye harusi, wanaume waliposimama safu mbele ya kamera, maneno yote yalizama ndani ya kanzu zao. Hilo limekwisha kurekebishwa.

Nitumie nafasi kidogo kueleza kazi yenyewe, kwa maana bado wapo wanaodhani kwamba ajuaye lugha mbili ameshakuwa mtafsiri wa filamu. Maandishi hukaa mistari miwili, isizidi, na kila mstari hubeba herufi 40 hivi. Mistari miwili iliyojaa humtaka msomaji wa kawaida sekunde kama sita, na mara nyingi mhusika husema na kuondoka kwa sekunde tatu. Kiswahili hapo kina neema na kina mtihani. Neema ni kwamba "hawatakuja" ni neno moja na limebeba mtendaji, wakati na kanusho. Mtihani ni kwamba neno kama "aliyekwishamwambia" halikatiki katikati, na likianguka mwisho wa mstari hulazimisha sentensi yote ipangwe upya. Ndiyo maana "Sikukwambia kwa sababu sikutaka uhuzunike" ilitoka kwetu ikiwa "Sikutaka uhuzunike." Baadhi ya wajumbe wa kamati walilalamika kwamba tunapunja. Mimi nasema uso wa mwigizaji ulikuwa umekwisha kusema hayo mengine, na anayesoma sana hatazami.

Mjadala uliochukua kikao kizima ulihusu shikamoo. Katika filamu moja ya Kifaransa kutoka Afrika Magharibi, mjukuu anaingia nyumbani na kumsalimu babu yake kwa salamu ambayo kwa Kifaransa hupewa mkubwa na mdogo sawa. Mtafsiri wetu aliandika "Shikamoo, babu." Upande mmoja ukasema ameongeza heshima isiyokuwemo, na iwe "Habari, babu." Upande wa pili, nami nilikuwa huko, ukasema kwamba mtoto anayemwambia babu yake "habari" mbele ya watazamaji wa Unguja amekwisha kuwa mtovu wa adabu, na filamu haikusema hivyo hata kidogo. Tulipiga kura na shikamoo ikashinda. Baadaye katika filamu hiyo hiyo mjukuu anagombana na babu na kuondoka bila salamu, na pale ukimya wake ulisikika vizuri kwa sababu ya shikamoo ya mwanzo. Natumaini waliopinga wameliona hilo, ingawa hakuna aliyekuja kuniambia.

Tangu zamani tamasha limekuwa na maonyesho ya vijijini, Unguja na Pemba, na mwaka huu tulipeleka filamu moja kati ya zile nne katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, kwenye uwanja wa skuli. Huko tulijifunza jambo ambalo Ngome haikutufundisha. Wazee wengi waliokaa mbele ama hawakuwa na miwani, ama hawasomi kwa kasi ya sekunde tatu, na baada ya muda mfupi tuliwaona wakigeuka kuwauliza wajukuu zao. Bi Katibu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akachukua maikrofoni na kuanza kuwasemea wahusika wote, mwanamke na mwanamume, huku akiongeza pale tuliposhindwa kuongeza katika maandishi. Bibi mmoja akawa anamjibu. Mhusika alipodanganywa na mumewe, bibi yule alimwambia Bi Katibu, "Mwambie asimwamini huyo," na Bi Katibu akamjibu, "Nimeshamwambia, hasikii."

Hili si geni katika nchi zetu. Madijei wa Dar es Salaam walikuwa wakizisemea kwa Kiswahili filamu za Kihindi na za Kichina katika vibanda vya video, na Uganda wenzao huitwa viijei na wana wapenzi wao wanaowafuata kwa majina. Tena wale wenye umri wangu watakumbuka kwamba hata katika sinema zetu za mjini filamu ya Kihindi haikuwa na neno la Kiswahili. Nilipopelekwa Majestic mara ya kwanza na baba yangu mkubwa, pale Vuga, katika jengo lililosimamishwa 1955 baada ya lile la sinema ya Royal kuungua moto, alikuwepo mzee nyuma yetu aliyekuwa ameitazama filamu ile mara nyingi, na akaisimulia yote kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemnyamazisha. Nilitoka nikidhani kwamba yeye ni sehemu ya tikiti.

Majestic, Empire na Cine Afrique ziliacha kuwa sinema moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu tunatazama filamu ndani ya kuta za ngome iliyojengwa na Waomani, isiyo na paa, ambako onyesho halianzi mpaka watu wameswali Isha na ambako pazia la kuonyeshea huvimba kama tanga upepo ukizidi. Wapo wanachama walioleta hoja kwamba chama kielekeze nguvu zake katika kutafuta ukumbi wa ndani. Kamati imeijadili hoja hiyo kwa heshima na haikuiafiki kwa mwaka ujao. Chama chetu hakina uwezo wa kuezeka jengo, ila kinao uwezo wa kumfanya mtu aelewe alichokuja kukitazama, na kazi hiyo bado hatujaifanya vizuri.

Kwa hiyo Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo matatu. La kwanza ni kwamba filamu yoyote yenye maandishi yetu isionyeshwe kabla maandishi hayo hayajajaribiwa Ngome, kwa nakala ile ile itakayoonyeshwa, mwanzoni, katikati na mwishoni. La pili ni kwamba tupunguze idadi ya filamu kutoka nne hadi tatu, ili kila moja ipate mtafsiri, msomaji wa pili asiyeijua lugha ya asili, na mtu wa kompyuta. Najua pendekezo hili halitawafurahisha waliotaka tufike sita. La tatu ni kwamba usemaji wa moja kwa moja kwa maikrofoni uwe kazi rasmi ya chama katika maonyesho ya vijijini, na wasemaji wafunzwe. Bi Katibu amekubali kuwafundisha kwa sharti kwamba asipewe maandishi ya kusoma.

Juu ya pendekezo la tatu kuna swali ambalo Kamati haikulimaliza, nalo ni kama idhini tuliyopewa ya kutafsiri kwa maandishi inatosha kwa usemaji wa sauti. Maoni yangu ni kwamba haitoshi na tuombe upya, kwani yale aliyoyaongeza Bi Katibu usiku ule, mengine yalikuwa mazuri kuliko ya filamu.

Karatasi za mapendekezo mmegaiwa mlangoni. Upigaji kura utafanyika baada ya hesabu kusomwa, na wale ambao ada zao hazijakamilika waonane na Mweka Hazina kabla hajasimama, kwa sababu akishaanza kusoma hasimamishwi.