Mmeyasahau maduka madogo ya vitabu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kuliandikia hata mstari mmoja, lakini ripoti yenu ya majuzi kuhusu mahali pa kununulia vitabu imenilazimu kushika kalamu. Mwandishi wenu alilinganisha katika jedwali bei za vitabu vichache katika maduka makubwa yenye matawi, katika maduka ya mtandaoni na katika duka moja dogo la katikati ya mji, kisha akahukumu kwamba duka dogo ni ghali na wakati wake umepita. Hakututajia vitabu alivyovilinganisha. Naamini ni vile vinavyotahiniwa shuleni, ambavyo mwenye matawi mengi huviagiza kwa wingi, na anayeagiza kwa wingi ndiye anayepewa punguzo kubwa na mchapishaji.

Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule za upili za Pwani hadi nilipostaafu, na vitabu ninavyovitafuta ni vya aina nyingine. Mwaka jana nilitaka kumzawadia mjukuu wangu diwani ya mshairi wa huku kwetu, nikaingia katika tawi la duka moja kubwa. Mlangoni palipangwa mabegi ya shule, vikokotoo, chupa za maji na vitabu vya kutajirika upesi vilivyoandikwa ng'ambo. Nilipouliza vya Kiswahili nilielekezwa kwenye rafu ya mwisho, karibu na bohari, nikakuta vitabu vya kiada, kamusi na miongozo ya vitabu teule. Kijana aliyenihudumia aliandika jina la diwani kwenye kompyuta, akaniambia haimo, akaniuliza kwa adabu kama ningependa mwongozo. Simlaumu yeye, kwa kuwa anayeamua kitakachowekwa rafuni yuko makao makuu, anatazama mauzo ya mwaka uliopita, na kitabu ambacho hakikuwahi kuwekwa hakiwezi kuonekana katika mauzo hayo. Basi nikageukia mtandao, kama mwandishi wenu anavyotushauri. Nilituma pesa kwa M-Pesa pamoja na ada ya kuletewa iliyokaribia nusu ya bei ya kitabu chenyewe, na baada ya kungoja sana, mwanabodaboda akaniletea bahasha yenye nakala iliyotolewa fotokopi, kurasa zimekaa upande na mishororo ya chini ya kila ukurasa imekatwa. Nilipompigia muuzaji simu, alinijibu kwamba yeye ni dalali tu, mzigo hutoka kwa mtu mwingine, na picha niliyoiona ilikuwa ya mfano. Mshairi hakupata chochote katika biashara hiyo, mchapishaji hakupata chochote, nami sikupata kitabu, na bado katika jedwali la mwandishi wenu ununuzi wa namna hiyo ungehesabiwa kuwa wa bei nafuu.

Diwani niliipata kwa mzee mwenye duka dogo hapa Mombasa. Siku ile hakuwa nayo, lakini aliifahamu nilipomtaja mshairi tu, akaniuliza kama nataka toleo la kwanza au lile lililoongezwa sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, akampigia mchapishaji simu, na kitabu kikaja kwa basi la usiku pamoja na mzigo wake mwingine.

Watu kama yeye wamebanwa kutoka pande zote. Hapa Kenya, Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013 iliviingiza vitabu katika kodi ya asilimia 16. Kisha mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji. Nafurahi kwa dhati mwanafunzi anapopata kitabu chake mwenyewe, lakini mauzo ya Januari ndiyo yaliyomlipia mwenye duka pango na kumwezesha kuweka riwaya ambayo huenda ikangoja mnunuzi mwaka mzima. Duka kubwa linaweza kujifidia kwa kuuza viti vya afisi na wino wa printa. Mwenye duka dogo atajifidia kwa kuuza nini? Katiba yetu ya 2010 inakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, tunasikia hotuba za kukisifu, ilhali vitabu vyake vinatozwa kodi na wanaoviuza wanaachwa wafunge milango.

Mwandishi wenu aliitaja Marekani kuwa ndiko tunakoelekea. Huko, kampuni ya kuuza vitabu ya Borders iliyokuwa na mamia ya matawi ilifunga yote mwaka 2011, na mji wa Nashville, ambao duka lake mashuhuri la kujitegemea lilikuwa limekwisha kufungwa, ukawa hauna pa kununulia vitabu vipya vya kila aina hadi mwandishi Ann Patchett na mwenzake walipofungua duka lao wenyewe. Heri tuitazame Ufaransa. Sheria yao ya 1981 hairuhusu muuzaji yeyote kupunguza bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5, na tangu 2023 muuzaji wa mtandaoni hana budi kutoza angalau yuro 3 za usafirishaji kwa oda isiyofika yuro 35.

Naliomba Bunge litunge sheria kama hizo na liondoe VAT kwenye vitabu. Aidha, kila kampuni yenye matawi zaidi ya matatu ilazimishwe kuwa na rafu moja ya futi sita, karibu na mlango wala si karibu na bohari, kwa ajili ya vitabu vya Kiswahili visivyotahiniwa. Nawe, Mhariri, mrudishe mwandishi wako katika maduka yaleyale akiwa na orodha ya vitabu kumi vya namna hiyo, ambayo niko tayari kumwandalia, aandike ni wapi alivipata na ni wapi alivikosa, kisha jedwali hilo lichapishwe katika ukurasa uleule uliobeba la kwanza.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mombasa