Takayama, nendeni kipindi cha theluji

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita imemtia mpwa wangu hamu. Anaondoka Septemba kwenda masomoni Nagoya, Japani, na mmemshauri apande hadi mji wa milimani wa Takayama mwezi Aprili, maua ya mcheri yakichanua. Ameshauandika mwezi huo kwenye daftari lake. Naomba nafasi nimpinge hadharani, maana Takayama nimefika mara mbili, na hiyo ya Aprili ndiyo iliyonipotezea nauli.

Mimi ni seremala, na Nagoya nilipelekwa na kazi hiyo hiyo. Ukitoka huko kwa treni ni kama saa mbili na nusu hivi, mnafuata mto bondeni. Aprili 14 na 15 Takayama huwa na sherehe yake ya machipuko. Hutolewa magari 12 marefu ya mbao, yenye nakshi na dhahabu, mengine yakiwa na vikaragosi vinavyochezeshwa kwa kamba. Lakini mvua ikinyesha hayatoki, na mwaka wangu ilinyesha siku zote mbili. Yalibaki ndani ya maghala yake, nasi tukabaki na miavuli mitaa ya Sanmachi, yenye nyumba za kale za mbao, bega kwa bega. Nilitaka kuinama nitazame kiungo cha mlango mmoja tu, nikasukumwa mbele. Sherehe ya pili ni Oktoba 9 na 10, na watu ni wengi vilevile.

Nilirudi Februari. Hapo ndipo nilipouona mji.

Zamani, enzi mji mkuu ulipokuwa Nara, watu wa Hida, ndiyo eneo la Takayama, hawakutoa kodi kama wengine: walitoa maseremala wakajenge majumba na mahekalu. Kazi ya mikono hiyo haisomeki wakati wa maua. Nendeni kijiji cha Shirakawa-go, chini ya saa moja kwa basi kutoka Takayama. Nyumba zake zimeezekwa nyasi, na mapaa yamesimama wima kama viganja vya mtu anayeomba. Ndiyo maana ya jina wanaloziita, gassho. Kiangazi ungedhani fundi alikuwa na mbao za kuchezea. Februari unaona theluji imelala pande zote mbili, kisha inaporomoka yenyewe kwa kishindo, na papo hapo unajua kwa nini kenchi ni kali kiasi kile. Na kenchi hizo hazina msumari. Zimefungwa kwa kamba na fito, ili zilegee kidogo uzito unapozidi. Paa likichakaa, kijiji kizima huitana kuliezeka upya, kama msaragambo wetu.

Pembeni mwa Takayama pako pia Hida no Sato, nyumba za kale zilizohamishiwa mahali pamoja. Nilikaa karibu na moto uliowashwa katikati ya sakafu, nikaambiwa moshi ndio unaolinda nyasi na boriti zisiliwe na wadudu. Nikalikumbuka jiko la bibi yangu Sikonge, na mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya mafiga. Miaka yote nilidhani ule moshi ni kero tu.

Sifichi kwamba baridi ni kali. Kipupwe chetu cha Julai, tunachokilalamikia hapa Tabora, si kitu; kule maji huganda usiku, na theluji ikizidi treni huchelewa au husitishwa. Baadhi ya jioni za Januari na Februari Shirakawa-go huwashwa taa, na siku hizo bila nafasi uliyoiomba mapema huingii. Chagueni siku ya kawaida. Soko la asubuhi kando ya mto Miyagawa linaendelea hata katika theluji, akina mama wanauza kachumbari ya chachu ya figili nyekundu, na wana muda wa kuzungumza na mgeni.

Kwa mwanafunzi anayehesabu senti, safari hiyo ni moja tu. Mpwa wangu, futa Aprili. Sweta langu la sufu nimeshakuwekea kwenye sanduku. Viatu vyenye soli ya meno vinunue huko huko Nagoya kabla ya kupanda treni, maana vya hapa vitakuangusha stesheni tu.

Seremala mstaafu,
Isevya, Tabora