Gari la baba limechubuka: nipake rangi mwenyewe au nimwachie fundi?

Ndugu mshauri,

Salamu nyingi. Nakuandikia kuhusu gari la baba yangu. Hii ni wiki ya tatu silali vizuri kwa sababu yake, na kila ninayemuuliza ananipa jibu tofauti na la mwenzake.

Gari lenyewe ni la bluu iliyokoza, ile rangi yenye vichembe vinavyometameta juani. Baba aliliendesha miaka 19, mpaka macho yalipoanza kufifia akanikabidhi ufunguo. Haendeshi tena, lakini kila jioni alikuwa akitoka nje na kupitisha kiganja ubavuni mwa gari, kuanzia mlango wa mbele mpaka taa ya nyuma, polepole. Hajawahi kusema kwa nini anafanya hivyo, nami sijawahi kumuuliza.

Siku hiyo nilikuwa narudi nyuma kuingia getini. Nikakata kona mapema, ubavu wa kushoto ukasagana na nguzo. Niliposhuka nikaona mlango wa nyuma una mistari mitatu, na juu ya tairi bati limebonyea, upana wa kiganja hivi, rangi imebanduka mpaka bati liko wazi. Sikumwambia baba. Jioni akatoka kama kawaida yake. Kiganja kikapita mlango wa mbele, kikafika wa nyuma, kikasimama. Akageuza mkono, akapitisha ukucha kwenye mstari mmoja, ukucha ukakwama. "Umeligonga," akasema. Nikamjibu, "Ndiyo, baba. Nisamehe." Akasema, "Litengeneze vizuri," akaingia ndani. Tangu siku hiyo hajaligusa tena.

Nilianza kwa kile nilichokiweza. Nimejifunza kwamba rangi ya gari ina matabaka: praima juu ya bati, kisha rangi yenyewe, kisha klia, ile vanishi angavu ya juu inayotoa mng'ao na kuikinga rangi na jua. Yote kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, kwa kawaida unene wake ni mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na ziada kidogo. Niliambiwa nilowanishe mikwaruzo kwa maji: unaopotea ukiwa na maji umeishia kwenye klia. Miwili ikapotea. Nikaisugua kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha dawa ya kung'arishia, yote kwa mkono. Nilitumia Jumamosi nzima, na kila dakika chache nilikuwa nasimama kukausha na kutazama, maana klia ukiimaliza kwa msasa hairudi. Mistari imetoka kabisa. Ukisimama pale leo huwezi kuonyesha ilipokuwa.

Wa tatu ndio ule ulioshika ukucha wa baba. Huo umeingia mpaka praima, kijivu chake kinaonekana, na dawa ya kung'arishia haiwezi kurudisha rangi iliyokwisha kukwanguliwa.

Mafanikio ya Jumamosi ile ndiyo yaliyonipa moyo wa kutaka kumaliza kazi yote mwenyewe. Lakini kuna jambo lingine nyuma yake. Miaka minne iliyopita nilipeleka gari hilihili kwa fundi, boneti ikapakwa upya. Ilitoka iking'aa, nikashukuru, nikalipa. Haukupita mwaka, klia ikaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua. Nikainua kipande kwa ukucha, chini yake rangi ya zamani ilikuwa laini kama kioo. Hakuipiga msasa. Klia haikuwa na mahali pa kushika. Niliporudi kwake akasema ni jua. Sijaisahau ile boneti, na sitaki ubavu anaoupapasa baba uje uwe vile.

Hata hivyo kuna mambo mawili yananizuia.

Kwanza, mke wangu ana pumu. Klia imara, ile inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha iwe ngumu, ina kemikali ziitwazo isosianeti. Hizo zinaweza kumletea pumu hata mtu ambaye hajawahi kuwa nayo, na barakoa ya vumbi haizizuii. Wapulizaji wanaojali afya zao huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Mimi nina ua mdogo tu, na dirisha la jikoni liko hatua tano kutoka gari linapoegeshwa. Mdogo wangu anasema nitumie klia ya kopo isiyo na hadina. Lakini hiyo petroli ikiidondokea hulainika, na kifuniko cha tangi kiko upande uleule, juu ya mbonyeo. Nikijaza mafuta mara moja kwa uzembe, kazi imeharibika.

Pili ni rangi yenyewe. Namba yake ipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, na duka litanichanganyia kwa namba hiyo. Ila namba inataja bluu ya siku gari lilipotoka kiwandani, na hili limekaa juani miaka 19. Tena rangi za kumetameta hubadilika kwa mkono wa mpulizaji: akisogea karibu vichembe vinalala namna moja, akirudi nyuma vinalala nyingine, na rangi ileile ya kopo lilelile inaonekana nzito au nyepesi. Baba pengine hataiona tofauti hiyo. Mimi nitaiona kila siku.

Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alitazama bila kuinama, akasema siku mbili: atajaza puti, ile rojo ya kusawazishia inayokauka ikawa ngumu, kwenye mbonyeo na kupulizia palepale juu ya tairi, mlango hataugusa. Wa pili alipiga magoti, akagonga bati kwa vidole na kusikiliza. Alisema atalivuta kwanza, puti iwe nyembamba ya kusawazisha tu, maana ikiwa nene hupasuka. Kisha rangi ataififisha taratibu mpaka ndani ya mlango ili jicho lisione inapoishia, na mlango wote ataupiga klia baada ya kung'oa kitasa na mipira. Siku tano, na anataka karibu mara mbili ya mwenzake. Maneno yake yamenigusa. Lakini yule wa boneti naye alikuwa na maneno mazuri.

Sasa naomba unisaidie kuamua. Wazo langu lilikuwa kugawana: mimi nimalize mstari wa tatu mlangoni kwa rangi ya kuchovya na brashi ndogo, fundi ashughulike na juu ya tairi. Lakini kama atapiga klia mlango mzima, je, kazi yangu itamsaidia au nitamwachia donge la kusugua upya? Nisije nikaharibu kwa hamu ya kusaidia.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Nitajuaje kwamba ametengeneza vizuri kabla rangi haijafunika kila kitu? Nafikiri kumwomba niende siku bati likiwa na praima tu, nilipapase kwa macho yaliyofumbwa kama anavyofanya baba, na nipitishe sumaku iliyofungwa kitambaa nione kama inashika, maana penye puti nene hulegea. Je, fundi mzuri ataudhika nikimwomba hivyo? Au kuudhika kwake ndiyo alama ya kuondoa gari? Na kuhusu msasa chini ya klia ya mlango, ambao hauonekani baadaye kwa namna yoyote, kuna la kuuliza au la kuangalia?

Bati lilipokuwa wazi, kutu ilianza kujitokeza ndani ya siku chache, nyekundu kama vumbi. Niliisugua mpaka bati likawa jeupe, nikapaka praima ya epoksi ili kununua muda. Fundi wa pili amesema ataikwangua yote kwa sababu hajui nimepaka nini. Sikukasirika, ila nataka kujua kama nilikosea.

Jana jioni baba alikaa barazani, akauliza limefikia wapi. Nikamwambia bado natafuta ushauri. Akasema hana haraka. Nakuomba unijibu kwa uwazi, hata kama jibu ni kwamba niweke msasa chini.

Msomaji wako